Mashine Yenye Uso Bila Kiwiliwili

Baraza letu la saruji liko mdomoni mwa kichochoro, kaskazini mwa Kolkata, na lingekuwa na miguu lingeshatuhama. Kila asubuhi tunalikalia watu wanne walewale, vikombe vya udongo mkononi, chai anayotuuzia Mama Mdogo Shefali ikituunguza vidole. Kuna Injinia, aliyeuza feni maisha yake yote, kwa hiyo umeme anaujua kwa jina. Kuna Wakili, aliyekuwa akichapa hati za watu nje ya mahakama, akabaki na ugonjwa wa kupinga. Kuna Haradhan, tunayemwita Risasi kwa sababu alipanga herufi za risasi kwenye kiwanda cha uchapaji hadi macho yakachoka. Na nipo mimi, Baharia, niliyezunguka bandari za dunia nzima nikimenya viazi. Asubuhi hiyo sikukuu ya Bishwakarma, mola wa mafundi, ilikuwa imepita wiki moja, na vishada vilivyorushwa siku hiyo na kukatika bado vilining'inia kwenye nyaya. Risasi alitoka kwake bila kuchana nywele, akakaa, hakumsalimia mtu.

SHEFALI: Leo si ndiyo siku mjukuu anakula wali wa kwanza? Mbona uso kama wa mfiwa?

RISASI: Anatakiwa kula sasa hivi. Huko Melbourne ni mchana tayari. Na wa kumlisha, kwa mila yetu, ni mjomba au babu. Mjomba hana. Babu ni mimi. Na babu haonekani!

WAKILI: Haonekani vipi, na dirishani limekaa dude la kompyuta kubwa kama mlango wa kabati?

RISASI: Mimi nawaona, bwana! Nawaona mpaka vinyweleo. Wao wanaona wekundu tu. Wiki nzima mimi ni giza jekundu linaloongea! Jana binti yangu Mithu kalia. "Baba, unanificha nini? Uso umepinda tena?" Namwambia uso uko sawa. Anasema basi nioneshe. Nimwoneshe na nini, kiwiko?

Hapo sote tuliangalia chai. Mwaka jana alipopooza upande mmoja wa uso, baraza zima lilimsaidia kumficha binti yake, kila mtu na uongo wake. Mithu sasa hatuamini hata tukimwambia kunanyesha.

RISASI: Anatafuta tiketi aje, na mtoto wa miezi sita mgongoni. Na mkwe kawapigia watu wa duka. Gari linakuja leo kulichukua dude.

INJINIA: Nilisema mimi! Nilisema, nunueni ya sanduku. Sanduku lake, kioo chake, kila mmoja na chumba chake. Hii ya kubana vyote nyuma ya kioo ni familia ya chumba kimoja. Baba akikohoa, nyumba nzima hailali.

RISASI: Sanduku nilikuwa nalo! Mjusi alifia ndani tukahama chumba. Nyaya zilijaa chini ya meza kama tambi. Hii ina waya mmoja. Mmoja, ndugu yangu! Herufi nasoma bila miwani. Na mtoto, kichwa chake kwenye kioo ni saizi ya kichwa.

WAKILI: Lakini ikiumwa jino, unaipeleka hospitali mwili mzima.

INJINIA: Na huwezi kuiongezea kitu. Ulivyoinunua ndivyo utakavyoizika. Na shingo haipandi, haishuki. Si umeitandikia kamusi?

RISASI: Kamusi na almanaki tatu. Inakaa vizuri tu. Shingo haina tatizo!

WAKILI: Mwili ndio haina. Siku ya Bishwakarma si ilitutoa jasho? Mtambo wa uchapaji una ubavu, unaupaka tika, alama yake nyekundu ya baraka, ubavuni, kwisha. Hii uso mtupu. Ikabidi tuipake kama bibi harusi.

INJINIA: Chanda chema huvikwa pete.

WAKILI: Hiyo ya vidole, haihusu. Hapa inafaa kikulacho ki nguoni mwako.

INJINIA: Nguo gani? Kompyuta imevaa nguo?

RISASI: Jamani! Mtoto anangoja wali!

Nilimpa kikombe changu. Nikamshauri atumie simu ya Wakili. Akanitazama kama nimemtukana mama yake.

RISASI: Simu ya Wakili ina nyufa kama kisigino. Na humo mtoto anakuwa punje ya dengu. Nimlishe dengu wali?

INJINIA: Sikiliza kisayansi. Australia iko chini ya dunia. Picha yao inapanda kuja huku, inafika imechoka, imetulia, unaiona safi. Yako inateremka. Inateremka kwa kasi, inapata moto. Kitu kikipata moto kinakuwaje? Chekundu!

WAKILI: Acha fiksi. Hebu tuulizane kama mahakamani. Ndugu Haradhan, unatafuna tambuu au hutafuni?

RISASI: Natafuna. Kwani?

WAKILI: Basi, kesi imekwisha. Kioo kikubwa kinakuza kila kitu. Wanachoona ni ndani ya mdomo wako.

RISASI: Wiki nzima nimekaa mdomo wazi?

WAKILI: Kwenye kumbukumbu zangu, ndiyo.

SHEFALI: Nyie hamjui kitu. Mtaa mzima umeugua macho mekundu. Mtoto wa muuza samaki anaumwa, mwenye duka la dawa anaumwa. Limeambukizwa, maskini. Mtu unalikodolea macho kutwa, lisiambukizwe?

INJINIA: Usipoziba ufa utajenga ukuta! Ulitie matone mapema.

Sikutaka nionekane sina elimu. Nikawaambia kwamba melini taa nyekundu hukaa ubavu wa kushoto, kwa hiyo yawezekana wanamtazama Risasi kwa kushoto. Wote wakalifikiria neno langu. Hapo ndipo tulipokuwa tumefikia.

Risasi alijipiga kichwa kwa viganja vyote viwili. "Watu wanne," alisema, "watu wanne wazima, na jumla yake ni sifuri."

Mpangaji mpya wa ghorofa ya juu, Ibanri, binti wa kutoka milima ya Shillong, alikuwa amesimama akingoja chai. Hajazoea kutusikiliza, ndiyo maana alikuwa bado anatusikiliza.

IBANRI: Samahani wazee wangu. Hao wa Melbourne, wanamwona baba kupitia wapi?

INJINIA: Kupitia kioo, mwanangu.

IBANRI: Kioo si ndipo yeye anapowaona wao?

INJINIA: Ndipo.

IBANRI: Na wao? Jicho la kumwona yeye liko wapi?

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Injinia aliacha umeme na feni, akamgeukia Wakili.

WAKILI: Jicho bila shaka lipo. Sheria inataka liwepo.

RISASI: La sanduku lilikuwa na jicho lake kando, limesimama kama la konokono. Hili jipya... dukani walituambia kila kitu kimo humohumo.

IBANRI: Basi limo. Ila wapi?

Shefali aliacha kukoroga. Wiki nzima tulikuwa tumeijadili mashine ile kuanzia shingo hadi waya, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulitafuta jicho lake.

Polepole, Risasi aliinua mkono wake wa kulia. Akakitazama kidole gumba, pale ukuchani, ambapo wekundu wa rangi ya mafuta ulikuwa haujatoka kwa wiki nzima. Rangi ya tika aliikoroga Wakili siku ile ya sikukuu. "Juu, katikati, kwenye paji la uso," alielekeza Injinia. Mimi nilishika taa ya mafuta nikisema panapendeza. Lakini kidole kilikuwa chake, kilekile kilichoubariki mtambo wa kiwanda kila mwaka. Na tika, kwetu, ipo kwenye friji, kwenye feni, kwenye baiskeli. Nani huiona?

RISASI: Nimeliziba jicho kwa tika, mimi mwenyewe.

Alichovya ncha ya taulo yake ya begani kwenye chai ya Wakili, akaondoka. Alikimbia, mtu wa kutembelea fimbo.

WAKILI: Chai yangu, we mzee!

Dirisha la Risasi liko hatua chache tu kutoka barazani. Tulisikia kiti kikiburutwa, kitambaa kikisugua, mashine ikilia wito wake. Kisha sauti ya mwanamke, kubwa kuliko kichochoro.

"Baba?... Baba! Mbona hukuchana nywele?"

"Siku kama ya leo, na hilo ndilo unaloliona?"

"Uso uko sawa kweli? Cheka nikuone. Cheka, Baba."

Hatukujua alicheka vipi, maana tulikuwa tumeinamisha vichwa. Tulimsikia tu Mithu akipenga kamasi, na mtoto akigonga sahani, na Risasi akisema kwa sauti ambayo hatumjui nayo, "Haya, baba yangu, fungua mdomo. Babu huyu hapa. Fungua."

Gari la duka lilisimama mbele ya baraza. Kijana akateremka.

"Ile kompyuta mbovu iko nyumba gani?"

Wakili, anayepinga hata saa ya ukutani, alimwonesha njia ya kurudia alikotoka.

"Haikuwa mbovu," alisema. "Ilikuwa imefunikwa macho na ndugu zake."

Injinia akaomba chai nyingine. Shefali aliinamisha birika, yakadondoka majani matupu.