Waliijua Sauti Yangu Tu

Bwana asifiwe! Ah, hapana, hiyo amina ni ya watu wenye usingizi. Bwana asifiwe tena! Naam, hapo sawa.

Ndugu zangu, naitwa Bhoke. Wengi hapa Genkuru mnanijua kwa kiti, si kwa jina. Yule dada aliyekuwa anakaa nyuma karibu na mlango, anatoka kabla ya baraka, ndiye mimi. Leo nimekuja mbele kwa sababu Mungu amenitendea jambo, na nikinyamaza nitapasuka.

Nilikuwa fundi wa kompyuta, lakini fundi wa kwenye simu. Kampuni yetu iliuza mfumo wa kompyuta kwa shule, zahanati na maduka ya Tarime na Serengeti. Wakikwama, wananipigia. Mimi niko chumbani hapa hapa Genkuru, madirisha nimefunga kwa ajili ya vumbi la malori. "Zima, subiri kidogo, washa tena." Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yangu kwa ulimwengu! Mtandao ukirudi wanasema "haya", wanakata.

Mama yangu, kule Itiryo, alikuwa ananitania: "Bhoke, unaongea na watu kutwa nzima, mbona huna hata wa kukusindikiza stendi?" Nilikuwa nacheka. Simu ikikatika, nalia. Ndugu zangu, upweke ni mbaya! Nilikuwa nasonga ugali, nusu nawapa kuku wa jirani, maana kula peke yangu kulinishinda.

Kisha malaria ikanishika. Nimelala natetemeka, simu ikaita. Nikasema, asante Yesu, kuna mtu amenikumbuka. Ilikuwa zahanati fulani: printa haichapi. Nikawaelekeza huku meno yanagongana. Ikaita tena: mfumo umegoma. Hakuna hata mmoja aliyesikia kwamba sauti ile ni ya mgonjwa. Hapo nilimkasirikia Mungu, sitawaficha. Nikamwambia, "Baba, sikuombi mume, sikuombi gari. Nipe mtu mmoja tu, ambaye si mama yangu, aniulize: Bhoke, umekula?"

Nikapona, nikarudi kwenye simu zangu. Kumbe Mungu hakuwa amelala! Bosi akanipigia kutoka Mwanza. Kampuni ilitaka kuwakusanya wateja wote mjini Mugumu, siku moja, kuwaonyesha mfumo mpya, na dada aliyekuwa akiandaa shughuli hizo alikuwa amejifungua. "Andaa wewe," akasema, "wewe ndiye unayewajua." Nawajua! Sijawahi kuona uso wa hata mmoja. Nikakubali, lakini moyoni nikasema: wasipokuja, basi ni kweli sina mtu, naacha kazi narudi Itiryo kuchunga ng'ombe.

Nikaiandaa shughuli kifundi. Ukumbi, jenereta, wapishi, spika. Mwaliko nikautuma kwa barua pepe, bonyeza hapa, jisajili pale. Nikasubiri. Kimya! Aliyejibu ni mmoja, anauliza kwa nini printa yake inatoa karatasi zenye mistari. Nilipomweleza mama alicheka mpaka akakohoa. "Weee! Nani huku kwetu anaenda shughulini kwa kubonyezabonyeza? Mtu anaitwa kwa mdomo, anaulizwa habari za ng'ombe na watoto, ndipo anakuja."

Basi nikapiga simu, mmoja mmoja. Mimi niliyezoea kupigiwa! Wa kwanza alikuwa Mzee Marwa, mtunza stoo wa shule moja huko Serengeti, mteja msumbufu kuliko wote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo printa ni nzima, umekosea namba."

Nikamwambia sijakosea, namwalika. Akauliza, "Hivi wewe binti unaitwa nani? Mtoto wa wapi?" Miaka yote hiyo! Nikamtajia jina langu na kwetu Itiryo. "Haya Bhoke, tutaona," akasema. Na wengine wote wakasema hivyo hivyo: tutaona. Nyie mnajua tutaona ya huku kwetu.

Siku ikafika. Saa tatu, ukumbi mtupu. Saa nne, mtupu. Viti nilivyovipanga kwa mikono yangu vinanitazama, wapishi wananitazama, chai inapoa. Ukumbi wa jirani ulikuwa na semina ya wakulima, umejaa, watu wanacheka. Nikasema, Mungu, umenileta mpaka Mugumu nijionee kwa macho yangu kwamba sina mtu? Machozi yananilenga. Nikaona angalau nijaribu maiki, nisionekane nimekaa bure. Nikasema kile ambacho mdomo umezoea: "Zima, subiri kidogo, washa tena."

Haleluya! Kule kwa jirani mtu akapaza sauti, "Mura, we kijana, ndiye huyo! Ndiye yule wa kwenye simu!" Nikasikia viti vinakwaruza sakafu. Watu wa Mungu, wateja wangu walikuwa wamekaa kwenye semina ya wakulima tangu asubuhi, wanakunywa chai ya wenyewe, kwa sababu mimi, mwandaaji mzima, sikuweka bango nje! Wakamiminika. Wananishika mkono, wananiangalia usoni: "Kumbe ndiye wewe? Nilidhani ni mmama mnene!" Sijui nililia au nilicheka.

Mfumo mpya tukauonyesha, ukakubali. Mchana nikawa nakimbia huku na huku kuhakikisha kila mgeni ana sahani. Mtu akanivuta mkono wa gauni. Alikuwa Mzee Marwa, ambaye asubuhi nilimtambua kwa sauti, ameshika sahani mbili. "Bhoke," akasema, "umekula?"

Nilikaa pale pale kwenye ngazi, nikala.

Leo kazi yangu ni kuandaa mikutano na maonyesho ya kampuni za kompyuta, Tarime, Mugumu mpaka Musoma. Simu za printa anapokea dada mwingine, na huwa nampigia kumjulia hali. Sitawadanganya, shughuli ikiisha na ukumbi ukifagiwa, upweke hunirudia kidogo. Lakini namshukuru Mungu, alilisikia ombi ambalo hata kulitaja nilikuwa naona aibu.

Na wewe uliyekaa nyuma pale, karibu na mlango, kwenye kiti changu cha zamani, nimekuona. Mwambie Bwana la kwako, hata kama ni dogo. Mwamini. Na leo usitoke kabla ya baraka. Nisubiri hapo nje, nina swali moja tu la kukuuliza, na kwangu kuna ugali.