Pampu Imezimwa

Hebu jione umeketi nasi mtaani Rashidiya, huku ughaibuni, Jumapili saa kumi jioni, kwenye benchi refu nje ya kafeteria. Mvua ya juzi imeacha madimbwi barabarani, na watu wazima wanayaruka kama watoto. Katikati ya benchi yuko Gerishom, mlinzi wa vila ya jirani, ameshika kahawa asiyoinywa. Kulia kwake ni Clifford, muosha magari, ambaye hapa anaitwa Injinia. Kushoto ni Faustine wa Bukoba, mpakiaji wa ghala kule Al Quoz. Huyu tunamwita Wakili, kwa sababu aliwahi kusoma mkataba wake wa kazi mpaka ukurasa wa mwisho.

— Bima wamekataa kulipa, — Gerishom alisema. — Chumba cha chini kimejaa maji, mazulia yameharibika, na madam mwenye nyumba anataka kuongea na mimi kesho. Kuhusu kazi yangu.

— Kwani nyumba haikukatiwa bima? — Wakili aliuliza.

— Imekatiwa, tena madam aliongeza kipengele cha pampu. Ile inakaa shimoni, inavuta maji ya ardhini na kuyatupa nje. Ikiharibika yenyewe, wanalipa. Sasa wanasema hapana, na hawajasema kwa nini.

 Injinia akakohoa.

— Skiza, buda. Hiyo pampu ni ya Ulaya. Imezoea maji matamu. Ikionja haya yetu ya chumvi, inapanda presha.

— Presha ya damu?

— Presha ni presha, Wakili!

— Wewe osha magari, hili ni la sheria. Maji ya juu ni mvua. Maji ya chini ni bahari, na bahari ilikuwa hapa kabla ya vila. Sasa imerudi kwake. Bima gani inalipa kwa sababu mwenyewe amerudi nyumbani?

— Basi bahari ianze kulipa kodi!

Gerishom akacheka bila kutaka. Aliwapenda hawa wawili; alipougua homa, ndio waliomletea uji getini. 

Hapo akafika Joha, yaya mpya wa nyumba ya pili, mtu wa Unguja, ametumwa mkate. Alikuwa na siku tatu tu mtaani.

— Samahanini, kaka zangu, nimesikia. Hao bima walielezwa na nani?

— Na mimi, — Gerishom alijibu. — Kuna dada kule ofisini, Ashwaq, wazee wake ni wa kwenu Unguja. Aliniambia nimtumie sauti kwa Kiswahili.

— Naomba niisikie.

Gerishom alibonyeza simu. Sauti yake ikatoka: “Nilishuka asubuhi nikapata pampu imezimwa, maji imejaa.”

Joha aliinamisha kichwa.

— Imezimwa na nani?

  

— Na nani? — Gerishom alishangaa. — Si na mtu! Mota imeungua, hata ilikuwa inanuka.

— Basi hiyo imezimika, kaka yangu. Ukisema imezimwa, sisi tunasikia mkono wa mtu kwenye swichi. Na wa kushuka kule chini ni wewe.

— Wallahi? Mimi husema tu hivyo, kwangu yote ni moja.

Aliinuka, akasogea mbali na kelele za magari, akarekodi upya, polepole:

— Dada Ashwaq, pampu ilizimika yenyewe. Mota imeungua. Hakuna mtu aliyeigusa.

Jibu lilikuja kabla hajaketi: “Kumbe! Mwambie madam asiitupe. Kesho saa mbili nakuja na fundi kuikagua, na madam nitamweleza mwenyewe.”

Gerishom akainywa kahawa yake yote, baridi hivyo hivyo.

Nakuomba ukumbuke jambo moja tu: unaposimulia hasara, mtaje aliyeifanya kama yupo, na kama hayupo, usimuumbe kwa herufi moja, ile “w” ya “imezimwa”.