"More Better" ya Nchelenge

Nyuma ya soko la samaki Nchelenge, mkabala na dispensari, kuna benchi la mbao na birika la kahawa la Florentine. Mwanzo wa juma alitundika kibao: MORE BETTER COFFEE. Siku ya tatu Octave alikuwa bado anakikunjia pua. Alifundisha Kifaransa huko Pweto, ng'ambo ya ziwa, kabla ya kuuza samaki, na benchini walimwita Prof.

— Mama Flo, hii ni aibu. "Better" inatosha. "More" ya nini?

— Prof, wacha mama, alisema Pitchou, ambaye walimwita Ambassadeur kwa kuwa aliwahi kufika Lusaka. Kule bakubwa banasema "very better".

— Ulifika Lusaka ao uliishia ku gare ya mabasi? aliuliza Octave.

— Yote bongo, uwongo mutupu, akadakia Eddy, fundi baiskeli. Kitu ikipita yote ni "too more better".

— Bajinga! "Good, better, best." Voilà. Ngombe wangu angeshaelewa!

Walicheka, na Octave akanywa kahawa yake akijiona mwenye lugha.

Hapo Suzanne akasimama mbele yao, mtoto mgongoni. Alikuwa amevuka ziwa juma lililopita.

— Baba Prof, ile neno yenu imenikosesha.

— Neno gani?

— "More better". Jana nesi aliniuliza mutoto iko namna gani. Homa ilikuwa inazidi, nikasema "more better", maana hapa munaitaja kila siku. Akaandika, akanirudisha nyumba. Leo mutoto hanyonye tena. Homa ikizidi, mu Kingereza banasema je?

Pitchou akatazama viatu vyake. Eddy akatazama baiskeli. Octave akafungua mdomo: good, better, best. Yote yalipanda. Neno la kushuka hakuwa nalo.

— Nesi ni Mubemba, alisema Florentine, akifunga kitenge. Twende, nitamuambia mu Kibemba.

Birika likabaki motoni. Octave aliwafuata mpaka mlangoni, akamsikia Florentine akisema maneno mawili matatu tu, na nesi akampokea mtoto mbele ya foleni nzima.

Mchana mtoto alinyonya. Suzanne alipotoka, Octave alikuwa bado mlangoni. Alimpita bila kumsalimu, naye Prof hakuthubutu kumwita.