Risala ya Akina Mama wa Tushikane Kuhusu Nyani Aliyezikwa kwa Mongina

Mgeni rasmi, ambaye ndiye afisa wetu wa wanyama wa pori, chifu wetu, mchungaji, na nyinyi nyote mliokaa kwa jua kwa sababu hema ni moja: tunawasalimu, chamgei. Na majirani wetu waliotoka upande wa Kisii, bwakire.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu hapa kwetu juu ya Merigi, mahali majani chai yanaishia na msitu unaanzia. Kama gari lilikusumbua pale mteremkoni, pole. Hata lori la majani husumbuka hapo. Wengi wetu katika kikundi hiki ni nyanya sasa, na shule tuliiacha mapema. Ukisikia mahali tumechanganya maneno, usilaumu karatasi. Ni sisi tumechanganyikiwa, na ndiyo sababu tulikuita.

TULIKOTOKA

Tulianza na kazi ya kujengeana jiko la kuokoa kuni, tukaendelea na ng'ombe wa maziwa. Wanyama wa msitu tumekaa nao tangu zamani. Nyanya zetu walilinda mahindi kwa debe na kelele, na hakuna aliyewauliza debe hilo limeruhusiwa na nani.

TULIYOFANYA

Tumeziba mashimo ya ua. Tumepanda pilipili kando ya shamba, na tumechoma pilipili pamoja na mavi ya ng'ombe ili moshi uwafukuze nyani. Walikohoa kidogo, halafu wakazoea. Siku hizi wanakohoa wakila.

MAHALI TUNAPOPOTEA

Mgeni rasmi, sheria tunaiheshimu. Shida yetu ni kwamba kila mtu anatuletea kipande chake. Yule wa kilimo alituambia fuko ni adui wa shamba, mtege. Tukauliza, na nungunungu, si anachimba viazi kumshinda fuko? Akasema huyo ni wa ofisi nyingine. Ofisi nyingine ikasema usimguse, piga ripoti. Tukaripoti. Tukaambiwa tungoje, na nungunungu hakungoja. Redioni tukasikia kuna wanyama ambao wakikuharibia unaweza kuomba fidia. Tulipouliza kama nyani yumo, mmoja alisema yumo, mwingine akacheka.

Kwa hivyo fuko ni wa mkulima, nyani ni wa serikali, na nungunungu tunamwona tu anapita katikati.

Sasa tukueleze ya Mongina, kwa sababu ni kesi ya ofisi yako na unamjua kwa karatasi tu.

Mongina ni mjane. Anachuma majani, na amekodi kipande cha shamba kinachogusa msitu. Alitega kitanzi cha waya kwenye shimo la ua, akitegea nungunungu, kwa sababu alifikiri ruhusa ya fuko inamfikia naye. Alipoenda asubuhi kukata malenge, alikuta mtoto wa nyani ameingiza kichwa na amekufa. Mongina hakufurahi. Alikumbuka neno la barazani, kwamba ukikuta mnyama amekufa usimguse, toa habari. Basi hakumgusa. Aliacha malenge hapo hapo, akashika njia ya kwa chifu.

Alipokuwa njiani, mzee Kipkurui, jirani yake, alipita na ng'ombe akaona. Ukoo wa mzee Kipkurui, mnyama wao ni nyani. Katika nyumba yao, wakimkuta amekufa hawaachi mbwa wamburute. Wanamlaza kwa nyasi mbichi na wanamfunika kwa udongo. Wakati mwingine wanamwambia pole. Mzee alichimba, akamlaza, akamfunika, akaosha jembe la Mongina na kulirudisha ukutani. Alifikiri amemsaidia jirani.

Mongina alirudi na askari wako wawili, akakuta udongo umesawazishwa. Mzee Kipkurui hakukimbia. Maneno yaliyofuata tuliyasikia sote kwenye ua.

"Mama, mzoga uko wapi?"

"Nimeuacha hapa."

"Hapa ni udongo."

"Hata mimi naona."

Mzee akasema, "Kijana, nimemzika mimi. Ni wetu."

"Wenu vipi? Nyani ni wa serikali."

"Ni wa ukoo."

"Basi kama ni wa ukoo, leseni ya kumfuga iko wapi?"

Mzee aliuliza leseni ya ukoo hutolewa mji gani, na askari akaona anadharauliwa. Lakini hakuwa anadharau, mgeni rasmi. Alitaka kujua.

Mtego ulikuwa wa Mongina, shamba ni la Mongina, jembe ni la Mongina. Akaandikiwa makosa ya kuua na kuficha. Mzee amejipeleka ofisini kwako mara kadhaa kueleza, na anarudishwa nyumbani kwa sababu ya umri. Jumatatu Mongina anasimama kortini Bomet. Akifungwa, watoto wake watalala kwetu kwa zamu, hilo tumeshapanga. Lakini yeye hatujui tutamwambia amefungwa kwa nini. Kwa kitanzi, anakubali kosa. Kwa kuficha, yeye ndiye alikuja kuwaita.

MAOMBI

Tunaomba mafundisho kwa lugha tunayoelewa, mnyama mmoja mmoja. Tunaomba simu ya ofisi ishikwe tukipiga. Na tunaomba, kabla ya Jumatatu, uiambie korti kwamba ule udongo ulikuwa heshima, haukuwa hila.

Mongina yuko hapa, benchi la nyuma, kitambaa cha kijani. Hakutaka kuja. Anaogopa kwamba kukusalimia kabla ya kesi ni kosa lingine. Tulimwambia si kosa, lakini hatuna hakika.

NYONGEZA YA LEO ASUBUHI

Mgeni rasmi, tulikuwa tumemaliza hapo. Lakini leo, tukipanga viti, tumeitwa. Nyani mwingine, mkubwa, ameshikwa mguu na seng'enge ya ua wa Mongina akitoka na mahindi. Hakuna aliyetega. Yuko hai. Tumepiga ile simu, ikalia mpaka ikanyamaza.

Tukimfungua, labda tumemgusa. Tukimwacha, atakufa, na tena ni kwa Mongina. Mzee Kipkurui amekaa karibu naye akifukuza mbwa kwa fimbo. Mongina alisimama kando ya shamba lake, mikono nyuma, hata mahindi yaliyoanguka hakuokota.

Chapati ziko tayari na chai iko kwa chupa. Tunakuomba vingoje kidogo. Ni hapo tu nyuma ya kanisa. Twende nawe, na Mongina atembee kando yako. Utakachofanya kwa mikono yako tutakitazama vizuri, na kuanzia leo tutajua sheria inafanana na nini.

Mungu akupe miguu mizuri kwenye mteremko huo, akulinde wewe na nyumba yako, na shamba lako lisikose mvua.

Ni sisi, Kikundi cha Akina Mama Tushikane, Merigi.
Imesomwa na Rodah kwa niaba ya wote.