Mwalimu Kefa Matonya na Makauboi Wake, 1953–2025

Ndugu waombolezaji, mimi ni Hana Matonya, mdogo wake marehemu, na nimepewa dakika chache nisome wasifu wake. Kwenye ratiba mliyogawiwa mlangoni kuna wasifu mwingine, ulioandikwa na kamati ya mazishi chini ya mwenyekiti wake, kaka yetu Lameck, mtoto wa baba mkubwa. Humo mtasoma kwamba marehemu alikuwa mwalimu hodari, mcheshi na mpenda michezo. Kefa hakuwahi kupenda mchezo wowote. Karatasi yenyewe lakini ni nzuri na jua ni kali, jipepeeni nayo. Shikamoo, kaka Lameck. Nimeshaamkia, sasa nasoma.

Marehemu Mwalimu Kefa Ndahani Matonya alizaliwa tarehe 12 Agosti 1953 hapa hapa Kibakwe, wilaya ya Mpwapwa, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Ndahani Matonya na mama yetu Anna. Baba alifariki mwaka 1966 akaacha ng'ombe. Kwa kuwa Kefa alikuwa mdogo, ukoo ulimkabidhi ng'ombe hao Lameck, aliyekuwa tayari kijana mwenye zizi lake, awatunze mpaka mwenyewe akue. Desturi yetu mnaijua: ng'ombe akifa, mtunzaji anamletea mwenye mali ngozi, aione kwa macho yake. Tuliletewa ngozi. Miaka ile mvua zilitusahau lakini ngozi hazikutusahau. Mama alizipokea na kushukuru, maana mjane angemshtaki nani, na kwa nani?

Alisoma shule ya msingi hapa Kibakwe, akamaliza mwaka 1968. Mwaka mmoja kabla ya hapo gari la sinema lilikuja, wakatundika shuka kwenye ukuta wa shule, wakatuonyesha kilimo bora cha karanga. Halafu, ili tusiondoke na uchungu moyoni, wakaweka filamu ya makauboi. Jenereta ikazima wakati kauboi mmoja ananing'inia ukingoni mwa korongo. Watu wote walikwenda kulala, Kefa akabaki amekaa mbele ya shuka jeupe mpaka mama akamfuata na fimbo.

"Mama, sasa yule mtu je?"

"Yule ana kwao na wewe una kwako. Inuka."

Hakupata kuuona mwisho wa filamu ile. Alipomaliza sekondari alichukua ualimu Mpwapwa, akahitimu mwaka 1973, na tangu hapo alikuwa na chaki mkono mmoja na kauboi mkono wa pili.

Alianza kazi Chemba, Januari 1974. Alifundisha hesabu na Kiswahili, na kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, aliwasomea watoto sura moja aliyoiandika wiki hiyo. Huko wafugaji walikuwa wanawatoa watoto shuleni wakachunge, lakini Ijumaa darasa lilijaa, na mara nyingine na mbuzi walikuwa wamefungwa dirishani. Mkaguzi mmoja alikuja na viatu vyake vya kung'aa, akaandika kwamba mwalimu huyu anawafundisha watoto ubeberu. Watoto wa mwalimu huyu walishinda mtihani wa darasa la saba kuliko shule zote za jirani, jambo ambalo mkaguzi hakuliandika, nadhani wino ulimwishia. Mwaka 1989 alihamishiwa Makole, Dodoma mjini, akafundisha hapo mpaka alipostaafu mwaka 2013. Wanafunzi wake nawaona, mmejaa mpaka kule barabarani. Nyinyi ndio pekee mliokuja leo bila kutafuta viti vya mbele.

Ndoa yake nayo aliipata kwa makauboi. Mzee Halfani, mfanyabiashara wa mifugo hapo Chemba, hakujua kusoma, ila mwanawe wa kiume alikuwa akimsimulia sura za Ijumaa. Siku moja mnadani akamsimamisha mwalimu.

"Mwalimu, nasikia hao ng'ombe wako wamevuka jangwa siku kadhaa. Wamekunywa wapi?"

"Hilo sijaliandika, mzee."

"Basi wamekufa. Nenda kaandike kisima."

Kefa akaandika kisima, akaenda nyumbani kwa mzee kumsomea, na binti aliyemletea maji ya kunawa alikuwa Rukia. Walifunga ndoa bomani Kondoa tarehe 2 Juni 1978, kwa kuwa hakuna aliyetaka kumbadilisha mwenzake dini. Upande wetu tulikwenda mama na mimi tu. Wengine mlisema hamwezi kula pilau ya watu msiowajua. Tangu Jumatano mnakula pilau aliyoisimamia Rukia huyo huyo, tena na ukoko mmekomba, na sijasikia mtu akiuliza kama anamjua. Mungu aliwajalia watoto wawili, Daudi na Munira.

Sasa nafika kwenye aya ambayo kamati iliifuta. Marehemu aliandika riwaya tisa za makauboi, akazichapisha kwa mshahara wake, zikauzwa pale stendi ya Dodoma kando ya karanga na betri. Nimezisoma zote. Mbili ni mbaya, moja ina farasi anayekufa sura ya tatu na kukimbia sura ya saba. Zilizobaki ni nzuri kuliko hotuba zote nilizozisikia tangu asubuhi. Kefa hakufika Marekani hata kwa ndoto, kwa hiyo makauboi wake waliamkiana kwa heshima, wakinywa togwa, na sherifu hakumkamata mtu kabla ya kuuliza habari za nyumbani. Mlimwita Mwalimu Kauboi mkacheka mpaka mkashika mbavu. Leo mmemletea mashada.

Riwaya iliyowasha moto ni Risasi Haina Shemeji, ya mwaka 1994. Ndani yake yumo tajiri mmoja wa Teksasi, Jaki Mkono Mfupi, anayetunza ng'ombe wa watoto wa marehemu baba yake mdogo. Kila mwezi Jaki anampelekea mjane ngozi. Sherifu anagundua kwamba ngozi ni ile ile, inapelekwa, inarudishwa kwa siri, inapelekwa tena, huku ng'ombe wananenepa nyuma ya kilima. Hapakuwa na jina la mtu wa Kibakwe wala mti wa Kibakwe. Lakini kaka yetu Lameck alisomewa kitabu hicho, akaruka kama aliyekalia siafu, akaitisha kikao cha ukoo. Wazee wazima walikaa kutwa nzima kumhukumu mtu wa Teksasi.

"Ameniandika!" Lameck alisema. "Huyo Jaki ni mimi!"

Marehemu babu yetu Matonya, aliyekuwa haoni tena lakini anasikia vizuri, akamgeukia.

"Mjukuu wangu, pilipili usiyoila yakuwashiani?"

Hapo ndipo watu wenye akili wangeuliza ng'ombe wako wapi. Ukoo wetu haukuuliza. Ukoo wetu ulimtoza Kefa mbuzi kwa kosa la kumwaibisha mkubwa, ukamchinja mbuzi huyo na kumla pale pale. Yatima aliibiwa, kisha akawalisha nyama waliotazama akiibiwa. Kefa alikula nao, akawashukuru kwa hekima yao, akarudi Makole kufundisha. Mimi nyama ile sikuigusa, na wengi wenu tangu siku ile nawasalimia kwa sababu tu mama alinilea vizuri.

Novemba 2023 marehemu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Kwa mwandishi huo ni msiba kabla ya msiba. Wengi mlikuja kumtazama mara moja, mkasema maskini, mkaondoka na ndizi mlizokuja nazo kwa kuwa mgonjwa hawezi kutafuna. Rukia akachukua kalamu. Kefa alitamka polepole, nusu ya maneno yakipotea, naye akaandika, akimsomea tena mpaka atikise kichwa kwamba ndivyo. Hivyo ndivyo walivyoandika riwaya ya kumi. Ilikamilika mwanzoni mwa Februari mwaka huu, na haijachapishwa. Hali ilibadilika ghafla, akalazwa hospitalini Dodoma, na akafariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, Rukia akiwa amemshika mkono ule uliokuwa mzima.

Jana kaka Lameck alimwendea mjane akiwa amekaa mkekani, akamwambia kwa sauti ya kanisani kwamba kamati imeamua marehemu azikwe na vitabu vyake, aende na vitu alivyovipenda. Rukia alikataa. Akaambiwa mgeni haamui mambo ya ukoo. Miaka arobaini na sita ya ndoa, bado ni mgeni. Kabati likafunguliwa, nakala zote zilizobaki zikatiwa ndani ya boksi, na karatasi za riwaya ya kumi zikawekwa juu. Boksi ndilo lile pale karibu na kaburi, limefungwa kamba. Kumbe mapenzi ya kaka yangu kwa fasihi yalikuwa makubwa hivi, nasi hatukujua.

Marehemu ameacha mjane, Rukia Halfani, watoto wawili, Daudi na Munira, wajukuu watano, dada mmoja, ambaye ni mimi, na wanafunzi ambao hakuna anayeweza kuwahesabu. Ameacha pia kaka mmoja, Lameck, na ni kwake ninamalizia.

Kaka, riwaya ya kumi Rukia alinisomea yote. Jaki Mkono Mfupi amerudi, sasa ni mzee na hana raha. Mimi ningemnyonga sura ya kwanza, na nilimwambia Kefa hivyo hivyo nikiwa nimekaa kitandani pake. Alitikisa kichwa kukataa. Katika sura ya mwisho Jaki anaswaga ng'ombe wote mpaka kwa wale yatima, ambao nao wamezeeka, anasimama nje ya zizi, anashindwa kusema. Yule mkubwa wa yatima anafungua lango. Anamwambia, "Kaka, ingia, chakula kipo." Ndivyo inavyokwisha. Ndugu yangu alitumia pumzi zake za mwisho kukusamehe, neno moja moja, na wewe ulikifunga kitabu hicho kamba ukakileta kaburini bila kufungua ukurasa.

Mimi sijakusamehe. Vijana mlioshika koleo, boksi hilo mpeni Rukia, halafu tumzike mwalimu. Bwana ampokee Kefa, na alale salama katika udongo wa kwao.