Matundu Kwenye Miwa ya Wembe

Benchi liko nje ya duka la kinyozi. Miguu yake mitatu ni ya mbao, wa nne ni tofali. Asubuhi hiyo Wembe, kinyozi mwenyewe, alibwaga bua la muwa katikati ya vikombe vya kahawa: jani la katikati limekauka, ganda limejaa matundu. Shamba lake zima la ekari moja na nusu liko hivyo, na afisa wa kiwanda cha sukari ameamuru ling'olewe leo. Mbegu alipewa mwaka jana na shemeji yake Radi, fundi wa kuchomelea, bure kabisa, vipande vya miwa kutoka shambani kwake. Siku ya kukata, Radi aliyaona matundu kwenye mabua kadhaa. Aliyaona, akajiambia mabua yataota tu, akakata. Leo ndiye aliyefoka kuliko wote.

— Kiwanda kizima majambazi! — Radi aligonga benchi, kahawa ikamwagika. — Wanawauzia watu maji, wanayaita dawa!

— Nimepuliza mara tatu, shemeji, — alisema Wembe. — Mara tatu! Mgongo umechubuka kwa bomba. Wadudu wananicheka tu.

— Wameizoea dawa, — alisema Profesa, fundi redio anayejua kila kitu isipokuwa redio. — Sasa hivi wanainywa kama wewe unavyokunywa kahawa.

— Acha utani, mtu anang'olewa shamba! — Radi alimkaripia.

— Nani anatania? Tatizo ni ile taa ya kiwandani. Inaita vipepeo dunia nzima. Wakishachoka kuizunguka, wanashuka kwa Wembe kutaga mayai.

— Kwa nini wasishuke kwa msimamizi wa kiwanda? — Wembe alifoka. — Miwa yake imenyooka kama askari!

— Si ndiyo hapo! — Radi akadakia. — Wadudu wanaletwa kwa magunia. Wakishakufilisi, wakunyang'anye ardhi.

— Magunia? — Profesa akatikisa kichwa. — Funza hakai kwenye gunia, anakosa hewa. Wanamwagwa kwa helikopta.

— Helikopta ipi? Umeiona wapi?

— Utaionaje, na haina sauti?

Wembe alisimama, mishipa ya shingo imemtoka.

— Nyamazeni! Wanangu watatu wanasoma kwa muwa huo! Mke wangu hajatia kitu mdomoni tangu jana, nyie mnanirushia helikopta!

Badala ya kunyamaza, Radi akapaza sauti zaidi, akainuka.

— Twende kiwandani sasa hivi! Wote! Huyo afisa namkunja shati mbele ya wakubwa zake!

Trekta lilisimama mbele yao. Dereva, mama wa makamo aliyevaa ovaroli, alishuka.

— Habari za hapa. Natafuta shamba la kinyozi.

Aliliona lile bua, akaliokota, akachomoa panga chini ya kiti cha trekta na kulipasua kwa urefu. Ndani kulikuwa na njia ndefu iliyojaa unga kama wa mbao iliyopigwa msumeno. Mwishoni alijikunja funza mnene, kichwa cha kahawia.

— Mnapuliza nje, mwenzenu yuko ndani kalala, — alisema.

— Kaingiaje humo? — aliuliza Wembe.

— Wengine hutoboa wenyewe. Ila shamba zima likiharibika kwa mpigo hivi, mara nyingi unakuta wamepandwa pamoja na mbegu. — Alimsaga funza kwa kisigino. — Mbegu ulikata kwa nani? Huko nako lazima wakague, la sivyo mwakani nitarudi hapahapa kung'oa tena.

Profesa aliangalia ndani ya kikombe chake. Wembe aligeuka taratibu kumtazama mume wa dada yake.

— Shemeji, — alisema, kwa sauti ya chini iliyotisha kuliko kelele zote za asubuhi. — Mwambie.

Radi alikuwa bado amesimama, tayari kwa kwenda kiwandani.