Ipigwe Tena Ile Kengele

SUMIE: Haloo? Nani mwenzangu?

KIYOHIKO: Ni mimi, Mama Nagi.

SUMIE: Baba Nagi! Mbona unahema hivyo? Uko wapi?

KIYOHIKO: Niko... niko njiani tu. Habari za nyumbani?

SUMIE: Nzuri. Uliniambia saa tisa utakuwa umerudi. Theluji inamwagika hapa dirishani, na wewe na baiskeli yako—

KIYOHIKO: Nimeanguka kidogo.

SUMIE: Kidogo ndiyo kiasi gani?

KIYOHIKO: Kifundo cha mguu. Na mnyororo umekatika. Usipige kelele.

SUMIE: Nani anapiga kelele? Umeangukia wapi? Si uliniapia utapita bondeni?

KIYOHIKO: Bondeni... kuna magari mengi.

SUMIE: Umepanda mlimani. Umeliruka lile geti la barabara!

KIYOHIKO: Kila mwaka naliruka. Unainyanyua baiskeli, unaipitisha juu, basi.

SUMIE: Wanalifunga mpaka Aprili, unadhani wanawafungia nyani?

KIYOHIKO: Asubuhi kulikuwa na jua, Mama Nagi. Mlima mweupe pe, mierezi imeinama kwa theluji, hakuna alama hata moja barabarani ila ya tairi langu. Ungeona—

SUMIE: Usinipigie porojo. Kila Desemba unapanda hadi kileleni, unakichungulia kijiji cha kwenu upande wa pili, kisha unageuza. Unafikiri sijui?

KIYOHIKO: (simu inakwaruza) ...leo sikukiona. Ukungu. Nikateremka kidogo nikione vizuri, ndiyo nikaanguka. Sasa hapa kuna njia mbili, zote nyeupe. Moja ni barabara. Nyingine ya wakata magogo, inaishia korongoni.

SUMIE: Mungu wangu. Rudi ulikotoka!

KIYOHIKO: Kilomita kumi na nne, kwa mguu huu? Kijijini ni moja na nusu tu. Ila sijui ipi ni ipi. Na giza linaingia.

SUMIE: Basi nampigia Tamotsu. Bado yuko ofisi ya kijiji—

KIYOHIKO: Usithubutu! Watu waache shughuli zao za kufunga mwaka, waje kumbeba mzee mzima aliyeruka geti? Nitauficha wapi uso wangu?

SUMIE: Uso utauficha ukiwa hai.

KIYOHIKO: Na mdogo wangu huyo hatujasemezana miaka miwili. Alibomoa nyumba ya mama!

SUMIE: Nyumba tupu, theluji ilishavunja paa!

KIYOHIKO: Angeniuliza.

SUMIE: Ungekubali?

KIYOHIKO: Betri asilimia sita. Baridi inaila.

SUMIE: Una kile kifuko cha joto kwenye soksi? Kitoe, kibandike nyuma ya simu. Usikate. Ngoja kidogo. (sauti ya chini, mbali) ...ndiyo, ndiyo, sasa hivi... yuko njia panda, hajui...

KIYOHIKO: Unaongea na nani?

SUMIE: Na paka. Kengele ya jioni ya kijiji hukuisikia?

KIYOHIKO: Saa kumi na nusu, ndipo nilipokuwa nabiringika. Sikujua imetokea upande gani. Mama alikuwa akisema, ule wimbo wa kengele ukilia kwenye vipaza sauti, hata kama samaki yuko kwenye ndoano, mwache, rudi nyumbani. Laiti ningekuwa nimesimama, ninge— ngoja.

SUMIE: Nini?

KIYOHIKO: Inalia.

SUMIE: Wapi? Upande gani?

KIYOHIKO: Lakini haipigwi mara mbili kwa siku—

SUMIE: Upande gani, Kiyohiko!

KIYOHIKO: Kushoto! Chini, kushoto. Lo, na mimi nilikuwa nishike kulia.

SUMIE: Tembea. Iache baiskeli.

KIYOHIKO: Baiskeli siiachi—

SUMIE: Iache!

KIYOHIKO: ...Nimeiegemeza kwenye mwerezi. Natembea. Wimbo umekwisha. Kuna mtu anatangaza. "Anatafutwa mwanamume... miaka sitini na tatu... koti la manjano..." Mama Nagi! Umenitangaza! Bonde zima!

SUMIE: Nimekutangaza. Utanigombeza ukifika.

KIYOHIKO: Ni yeye.

SUMIE: Sikusikii, simu inakwaruza. Nani?

KIYOHIKO: Tamotsu. Ndiye anayetangaza.

SUMIE: Anasemaje?

KIYOHIKO: Ngoja, nisikie.

SUMIE: Baba Nagi! Anasemaje?

KIYOHIKO: Anasema, "Vijana wanapanda na tochi. Kaka, kengele naipiga mimi, na nitaipiga mpaka nikuone." Mbele ya watu wote, Mama Nagi. Kaka.

SUMIE: Unalia?

KIYOHIKO: Ni baridi. Asilimia moja. Mwambie—

SUMIE: Simwambii kitu. Utamwambia mwenyewe.

KIYOHIKO: Basi niambie tu kama ile nyumba ilikuwa haifai kweli—

SUMIE: Haloo? Haloo? Baba Nagi?

SUMIE: (kwenye simu nyingine) Shemeji? Simu yake imezima. Usiiache kengele. Piga tena, shemeji. Piga tena.